UZI: Hugh Dowding, jenerali wa anga aliyepigana kwa simu, rada na meza ya ramani

#1 Kipanga wa Pwani

Wakuu, salaam.

Kila ikifika Septemba, picha za ndege za kivita za Spitfire hujaa mitandaoni na ubishi wa nani alitungua ndege ngapi mwaka 1940, Wajerumani walipojaribu kuivunja Uingereza kwa mashambulizi ya anga. Uzi huu ni wa afande ambaye mwaka ule hakurusha hata risasi moja. Alikuwa na miaka 58 na barua ya kustaafu mezani. Ni Hugh Dowding, mkuu wa Kamandi ya Ndege za Kivita ya Uingereza tangu 14 Julai 1936 hadi Novemba 1940. Hoja yangu ni moja: kila ofisi aliyopitia kabla ya hapo ilimwachia kipande kimoja cha mtambo aliokuja kuuunganisha Bentley Priory, makao makuu ya kamandi yake kule Stanmore, pembezoni mwa London. Na tabia iliyomwezesha kuujenga ndiyo hiyohiyo iliyomwangusha.

Alizaliwa 24 Aprili 1882 Moffat, Uskoti, baba yake akiwa mwalimu mwenye shule yake. Alisoma Winchester, kisha chuo cha kijeshi cha Woolwich, ambako ndiko walikopelekwa watu wa mizinga na uhandisi. Mwaka 1900 akapata kamisheni katika mizinga. Alipangiwa Gibraltar, Ceylon, Hong Kong na India, na huko India alitumikia mizinga ya milimani. Mtu wa mizinga anafundishwa kwamba bunduki haina maana kama hujui adui yuko wapi, anaelekea wapi na habari imechukua muda gani kukufikia. Hilo liwekeni akilini, litarudi.

1912 hadi 1913 alikuwa chuo cha unadhimu Camberley. Wakati huohuo akajifunza urubani Brooklands, akapata cheti Desemba 1913 akiwa na miaka 31, umri ambao wengi walishaona ni mkubwa kwa kazi hiyo. Vita vilipoanza Agosti 1914 akaingia kikosi cha ndege cha jeshi la nchi kavu (RAF, jeshi la anga la Uingereza lenyewe, ilizaliwa 1 Aprili 1918). Mwaka 1915 aliongoza Skwadroni ya 9, iliyokuwa ya redio, akashiriki majaribio ya kupokea sauti ya binadamu kutoka ndegeni. Baadaye mwaka huohuo akapewa Skwadroni ya 16 kule Ufaransa.

1916, kwenye mapigano ya Somme huko Ufaransa, akagombana na bosi wake, Hugh Trenchard. Skwadroni ya 60 ilikuwa imepukutika, Dowding akaomba itolewe mstari wa mbele ipumzike. Trenchard alikubali kwa shingo upande, lakini tangu hapo akamwona mtu wa kulialia. Dowding akarudishwa Uingereza na hakupewa tena kamandi Ufaransa. Miaka ya amani naipitia haraka: Iraq 1924 kama mnadhimu mkuu, mkurugenzi wa mafunzo 1926, Palestina 1929, kisha kamandi ya ndege za kivita za kulinda Uingereza yenyewe. Septemba 1930 akaingia baraza la juu la jeshi la anga kusimamia ugavi na utafiti. Hapo ndipo mambo yanapoanza kunoga.

#2 Mtoto wa Ngerengere

Naweka kambi hapa. Swali la haraka mkuu: vyeo vya hawa watu vinachanganya. Tuwekee kwa ngazi zetu.

#3 Kipanga wa Pwani

RAF ilianza kutumia majina yake ya vyeo Agosti 1919, ili isionekane tawi la jeshi la nchi kavu wala la majini. Sisi Watanzania na Wakenya jeshi la anga linatumia vyeo vya nchi kavu, ndiyo maana inachanganya.

Group Captain ni Kanali, Air Commodore ni Brigedia Jenerali, Air Vice-Marshal ni Meja Jenerali, Air Marshal ni Luteni Jenerali, Air Chief Marshal ni Jenerali kamili. Juu yake kuna Marshal of the Royal Air Force, nyota tano.

Dowding: Kanali 1919, Brigedia Jenerali 1922, Meja Jenerali Januari 1929, Luteni Jenerali Januari 1933, Jenerali Januari 1937. Akaishia hapo. Nyota ya tano hakuipata, na hilo lina kisa chake.

#4 Fundi Mawimbi

Kabla ya rada tuanze na R101, maana bila hiyo humwelewi Dowding wa 1935.

R101 lilikuwa puto kubwa la abiria la serikali. Mwezi mmoja tu baada ya Dowding kuingia ofisini, wanasiasa walitaka liende India, na idara iliyotoa kibali ilikuwa chini yake. Alikuwa mgeni, hakuikazania idara yafanyike majaribio marefu zaidi. 5 Oktoba 1930 likaanguka karibu na Beauvais, Ufaransa, wakafa watu 48. Baadaye alikiri kwamba alipaswa kushikilia majaribio. Kwa maoni yangu, kuanzia siku ile hakuna mtaalamu aliyemwendea na karatasi tupu akatoka na pesa.

Februari 1935 Robert Watson-Watt alileta andiko kwamba mawimbi ya redio yakigonga ndege yanarudi na yanaweza kupimwa. Hesabu zenyewe zilifanywa na msaidizi wake, Arnold Wilkins. Wanasayansi wakataka pauni 10,000. Dowding akasema kwanza nionyesheni. 26 Februari ndege ya mabomu aina ya Heyford ikapita kwenye mawimbi ya kituo cha BBC cha Daventry, urefu wa wimbi mita 49, na Wilkins na Watson-Watt wakiwa uwanjani na kipokezi ndani ya gari. Alama kwenye kioo ikacheza hadi ndege ilipofika maili 8, yaani karibu kilomita 13. Pesa ikatoka.

Kwa hiyo anayesema Dowding alivumbua rada amekosea. Alichofanya ni kulipia, tena baada ya kuona kwa macho. Na katika ofisi hiyohiyo ndimo vilimopita vipimo vya ndege mpya za chuma zenye bunduki nane, zilizokuja kuwa Hurricane na Spitfire.

#5 Bi Nuru

Fundi, tupe namba za mitambo yenyewe. Watu wanadhani ilikuwa sahani inayozunguka kama ya uwanja wa ndege.

#6 Fundi Mawimbi

Dada Nuru, haikuzunguka kabisa. Vituo vya Chain Home, yaani mlolongo wa rada za pwani, vilikuwa minara iliyosimama tu, kama unavyosimamisha taa ya mafuriko uwanjani badala ya tochi.

Upande wa kurusha: minara ya chuma ya futi 360, karibu mita 110, na nyaya za antena zimetandazwa katikati. Upande wa kupokea: minara ya mbao ya futi 240, kama mita 73. Mbao kwa sababu chuma karibu na antena ya kupokea kingepotosha mwelekeo. Masafa yalikuwa kati ya megahezi 20 na 30. Walianza na wimbi la mita 50 wakidhani bawa la ndege ya mabomu litaitika kama nusu ya wimbi, wakashuka hadi 26 kukwepa mwingiliano wa redio nyingine, wakatua kwenye mita 10 hadi 13 hivi. Nguvu ilikuwa mamia ya kilowati kwa kila mpigo, mipigo 25 kwa sekunde.

Kwa nini 25? Gridi ya umeme ya Uingereza ni mizunguko 50 kwa sekunde. Vituo vyote vilifungwa kwenye gridi hiyo, kila kimoja kikapiga kwa zamu yake. Kikikosea zamu, mipigo yake inaonekana kwa jirani kama sungura wanaokimbia juu ya kioo, na mwoneshaji, yaani anayekitazama kioo, hawezi kusoma kitu.

Sasa udhaifu, maana huo ndio uliozaa mfumo:

Umbali ulisomwa vizuri. Mwelekeo ulisomwa vibaya. Mwoneshaji alizungusha kitasa cha goniometa mpaka mwangwi ukafifia, hapo ndipo ulipo mwelekeo, lakini kosa la digrii kadhaa lilikuwa la kawaida. Piga hesabu: kwa kilomita 100, digrii 5 ni karibu kilomita 9 pembeni. Ukimpeleka rubani huko anakuta mawingu matupu.

Kimo kilikisiwa kwa kulinganisha nguvu ya mwangwi kwenye antena mbili za urefu tofauti. Mara nyingi kilitoka chini kuliko ukweli. Ndiyo maana waongozaji walizoea kuongeza futi elfu kadhaa kichwani, na marubani nao wakaongeza zao.

Idadi ya ndege ilisomwa kwa jinsi mwangwi unavyotetemeka. Hapo ni uzoefu wa jicho tu.

Ndege ikiruka chini sana haikuonekana. Wakaongeza vituo vya Chain Home Low, wimbi la mita 1.5, hivi ndivyo vyenye mwale mwembamba unaozungushwa.

Na vyote vilitazama baharini. Adui akishavuka pwani, rada haina habari naye tena. Kuanzia hapo kazi ni ya Kikosi cha Waangalizi: watu wa kujitolea kama 30,000 kwenye vituo karibu 1,000, wakiwa na darubini, kifaa cha kupimia pembe na simu.

#7 Mtoto wa Ngerengere

Sasa kama rada inakosea kilomita 9, walikutana vipi na adui?

#8 Kipanga wa Pwani

Swali hilo ndilo kiini cha Dowding. Jibu ni chumba cha kuchuja, kilichokuwa chini ya ardhi Bentley Priory.

Fuata habari moja. Kituo A kinaona mwangwi: umbali kilomita 90, mwelekeo wa mashaka. Kituo B, jirani yake, kinaona mwangwi huohuo: umbali kilomita 75. Wote wanapiga simu kwenye meza moja ya ramani. Mchujaji anaachana na mielekeo, anachukua umbali wa A na kuchora tao, umbali wa B na kuchora tao. Matao yanapokatana ndipo ndege zilipo. Hesabu ya mtoto wa shule, ila lazima wote wawili waripoti ndani ya muda uleule na mchujaji ajue kwamba ni kundi moja na si mawili. Hilo la mwisho ndilo gumu.

Akisharidhika, anaweka mshale mezani na namba ya kundi: adui, rafiki au hajulikani. Ndege za Uingereza zilianza kufungwa kifaa kinachofanya mwangwi uvimbe kioоni ili kujitambulisha, lakini mwaka 1940 si zote zilikuwa nacho.

Kutoka hapo msomaji anaisoma meza kwenye simu mara moja, na wanaosikiliza ni wengi kwa wakati mmoja: chumba cha operesheni cha kamandi, cha kundi, na vya sekta. Hakuna kupeleka karatasi ngazi kwa ngazi. Kamandi ilikuwa na makundi manne: la 10 magharibi, la 11 kusini-mashariki na London chini ya Keith Park wa New Zealand, la 12 katikati ya nchi chini ya Trafford Leigh-Mallory, la 13 kaskazini na Uskoti. Kila kundi likagawanywa sekta. Kundi la 11 lilikuwa na saba: Tangmere, Kenley, Biggin Hill, Hornchurch, North Weald, Debden na Northolt.

Mgawanyo wa kazi: Dowding anaamua skwadroni ngapi zikae kundi gani. Mkuu wa kundi anaamua nani aruke na lini. Mwongozaji wa sekta anaongea na rubani kwa redio. Jenerali hagusi redio. Wakubwa wengi hilo linawashinda.

#9 Fundi Mawimbi

Niongeze saa ya ukutani, kitu kidogo cha ajabu. Uso wake uligawanywa vipande vya dakika tano tano: nyekundu, njano, bluu. Mshale au kibao kinachowekwa mezani kinakuwa na rangi ya dakika zile. Afande akitupa jicho moja mezani anajua habari hii ni mbichi au imechacha. Rangi iliyopitwa inaondolewa. Bila hiyo unampeleka rubani kwenye alama ya robo saa iliyopita, na ndege ya mabomu yenye kasi ya kilomita 300 kwa saa imeshasogea kilomita 75.

Muda ndio kila kitu. Kutoka Calais hadi Dover ni kilomita 34, chini ya dakika 7. Skwadroni ya kivita inahitaji dakika zaidi ya 10 kupanda futi 20,000 ikiwa kwenye mpangilio. Ukisubiri adui aanze kuvuka, umeshachelewa. Kwa hiyo ilibidi rada iwaone wakijipanga angani juu ya Ufaransa. Marubani nao waliwekwa kwenye hali mbalimbali za utayari: dakika 5, au dakika 2 wakiwa wameshakaa ndani ya ndege.

Njia ya kukutana waliigundua kwa majaribio Biggin Hill mwaka 1936. Vuta mstari kati ya ndege yako na ya adui. Pembe anayofanya adui na mstari huo, nawe fanya pembe hiyohiyo upande wako. Pembetatu ya pande mbili sawa: kasi zikilingana mtakutana kileleni, na wewe ukiwa na kasi zaidi utafika mapema umsubiri. Wakaiita pembe ya Tizard, mwanasayansi aliyeipendekeza. Mwongozaji aliikisia kwa jicho, hakuhitaji rula.

#10 Bi Nuru

Hapo mmemsahau rubani. Mwongozaji anajuaje ndege zake mwenyewe ziko wapi, kama rada haitazami nchi kavu?

#11 Fundi Mawimbi

Kwa kifaa kilichoitwa pip-squeak. Redio ya ndege inapiga mlio sekunde 14 katika kila dakika, yenyewe, kwa saa iliyofungwa ndani. Vituo vitatu vya ardhini vinapima mwelekeo wa mlio, vinapiga simu sekta, na mezani nyuzi tatu zinavutwa. Zinapokutana ndipo skwadroni ilipo. Dakika moja ina robo nne, hivyo skwadroni nne zingeweza kupokezana bila kugongana.

Kasoro zake? Wakati mlio unatoka, rubani hawezi kuongea wala kusikia kwenye redio ile. Na wengi walisahau kuwasha. Ndiyo maana kwenye redio kulikuwa na swali la mafumbo: jogoo wako anawika? Maana yake washa pip-squeak, sikuoni.

#12 Mwalimu wa Jioni

Wakuu, mnasifia sana. Semeni pia ilipofeli. 6 Septemba 1939, siku tatu baada ya Uingereza kuingia vitani, mfumo huuhuu uliua mtu wa upande wao. Tukio la Barking Creek. Alama za uongo zikaripotiwa, Hurricane zikarushwa, rada nayo ikazihesabu Hurricane zenyewe kama adui anayeongezeka, Spitfire zikatumwa kuwashambulia. Hurricane mbili zikatunguliwa na rubani mmoja, Montague Hulton-Harrop, akafa.

#13 Fundi Mawimbi

Sahihi Mwalimu. Antena ya Chain Home haitofautishi yenyewe mbele na nyuma. Kuna swichi ya kupima upande, na ikiwa na hitilafu, ndege iliyo nyuma yako nchi kavu inaonekana iko mbele baharini. Kisha mfumo unajilisha wenyewe: kila ndege unayorusha kwenda kuchunguza inakuwa adui mpya mezani. Ajali ile ndiyo iliyosukuma kwa haraka ufungaji wa vifaa vya kujitambulisha.

#14 Mtoto wa Ngerengere

Kwa nini Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, hakuvunja minara yote akamaliza mchezo? Au Wajerumani hawakujua rada?

#15 Kipanga wa Pwani

Walijua vizuri. Rada yao ya Freya ilikuwa na wimbi fupi na mwale mzuri kuliko Chain Home. Walichokosa ni meza. Rada zao hazikuwa zimeunganishwa na mfumo mmoja unaoongoza ndege za kivita kama huu wa Stanmore, kwa hiyo hawakukisia kwamba wengine wanao.

12 Agosti 1940 walishambulia Dover, Rye, Pevensey na Ventnor. Vitatu vya kwanza vilirudi kazini ndani ya saa chache. Ventnor ndiyo iliyoumia, ikarudi 23 Agosti, ila mawimbi yaliendelea kurushwa ili adui adhani kituo ni kizima. Mnara wa vyuma vilivyosukwa upepo wa bomu unapita katikati, hauangushi. Panapouma ni vibanda vya mitambo na umeme. Pevensey waya wa umeme ulikatika. Göring akaona hakuna faida, akaacha. Akahamia viwanja.

Na hapo kulikuwa na udhaifu mkubwa zaidi kuliko minara: vyumba vya operesheni vya sekta vilijengwa juu ya ardhi, ndani ya viwanja vilevile vinavyopigwa mabomu. Kenley iliposhambuliwa 18 Agosti walihamia duka lililokuwa bucha kule Caterham. Cha Biggin Hill kilipigwa 31 Agosti. Laini za simu ndizo zilizookoa: mafundi wa Posta waliziunganisha upya usiku kucha.

#16 Mwalimu wa Jioni

Turudi Mei 1940, Ujerumani ilipokuwa inaivamia Ufaransa na Wafaransa wanaomba ndege za Uingereza, maana kuna hadithi inazunguka kwamba Dowding aliweka kalamu mezani mbele ya Churchill akatishia kujiuzulu. Kumbukumbu za baraza la vita za 15 Mei hazina kitisho hicho. Kilichopo ni barua ya 16 Mei, vipengele kumi vifupi. Anasema kinagaubaga: makadirio ya kulinda nchi yalikuwa skwadroni 52, sasa zimebaki 36. Anaomba wizara imwambie kwa maandishi ni kiwango gani cha mwisho kitakachobaki, na kwamba kikishawekwa hakitaguswa hata moja. Anamaliza kwamba nguvu zikimwagwa zote Ufaransa, Ufaransa ikianguka na Uingereza inaanguka moja kwa moja.

Watu wanasahau kwamba siku hiyohiyo baraza lilituma ndege zaidi. Churchill akiwa Paris akaomba skwadroni sita nyingine. Njia iliyopatikana ni skwadroni sita za Hurricane kulala Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, tatu zinavuka asubuhi na tatu mchana. Mkuu wa jeshi la anga, Cyril Newall, naye alisimama upande wa Dowding, na sifa yake humezwa na hadithi ya kalamu.

#17 Bi Nuru

Naomba niwe wakili wa upande wa pili, maana uzi unaelekea kuwa wa kumtawaza.

Kwanza, mgogoro wa Park na Leigh-Mallory. Park alirusha skwadroni moja moja au mbili mbili, kwa sababu ya dakika zile alizotaja Fundi. Leigh-Mallory alitaka skwadroni tatu hadi tano zikusanyike kwanza Duxford, uwanja wa Kundi la 12, kile kilichoitwa Bawa Kubwa. Hizi ni mbinu mbili zinazogongana: Park anaomba viwanja vyake vilindwe, jirani bado anajipanga angani. Nani alikuwa bosi wa wote wawili? Dowding. Aliwaacha hadi Oktoba. Ile tabia ya kutogusa redio ya chini yake, mliyoisifu kwenye #8, hapa ikawa kasoro.

Pili, usiku. Septemba Wajerumani walipohamia mashambulizi ya usiku, Dowding alisema, na alikuwa sahihi kisayansi, kwamba suluhisho ni ndege ya injini mbili, Beaufighter, yenye rada ndani yake. Lakini haikuwa tayari. Wakubwa walitaka Hurricane ziruke usiku hata kwa kubahatisha, wananchi wasikie kuna kitu kinafanyika. Alipinga. Pia alikataa kuhamisha uchujaji kutoka Bentley Priory kwenda kwenye makundi, ingawa makundi ya adui yakiwa mengi meza moja inaelemewa. Alipoondoka, uchujaji ukahamishwa.

#18 Kipanga wa Pwani

Dada Nuru umepiga palepale, na la Leigh-Mallory sina utetezi. Nitatetea hesabu ya Bawa Kubwa tu. Skwadroni tano ni ndege 60. Kila skwadroni ina masafa yake ya redio, kuziweka kwenye amri moja angani ni kazi. Na madai ya ushindi hupanda kadiri ndege zinavyorundikana, kwa sababu watu watatu wanaipiga ndege moja na kila mmoja anaiandika yake. 15 Septemba Waingereza walitangaza ndege 185. Zilizoanguka kweli ni karibu 60.

Jambo ambalo halisemwi sana ni mpango wa 8 Septemba wa madaraja ya skwadroni. Hasara ilikuwa kubwa kiasi kwamba kuzungusha skwadroni nzima nzima hakuwezekani tena: inayoingia ni ya wageni, nayo inakwisha ndani ya wiki. Dowding akaweka A kwenye Kundi la 11, zijazwe marubani walio tayari. B chache, kamili, za akiba. C zote zilizobaki zibaki na wazoefu 5 au 6 tu, waliosalia wapelekwe A, na hizo C zigeuke shule za kufunda vijana. Hakuupenda mpango huo hata yeye, kwa sababu unavunja umoja wa skwadroni. Ni jibu la mtu yuleyule wa Somme 1916, ila safari hii hakuwa na pa kuwapumzishia watu.

Na vioo. Alipotaka kioo cha mbele kisichopenya risasi, wizarani wakacheka. Akawauliza kwa nini majambazi wa Chicago wawe nacho kwenye magari na marubani wake wasiwe nacho.

#19 Mtoto wa Ngerengere

Sasa aliondolewaje? Alifukuzwa au alistaafu?

#20 Mwalimu wa Jioni

Vyote viwili, ukipenda. Tazama tarehe alizopewa: Juni 1939, ikasogezwa hadi mwisho wa Machi 1940, ikasogezwa hadi 14 Julai 1940, ikasogezwa hadi mwisho wa Oktoba, kisha Agosti ikaondolewa kabisa. Mtu anaendesha vita vya kuamua hatima ya nchi huku hajui kama wiki ijayo ana kazi. Ongeza kwamba 1935 alidokezwa atakuwa mkuu wa jeshi zima, na 1937 nafasi ikaenda kwa Newall, aliyekuwa chini yake kwa ukongwe. Jina lake la utani lilikuwa Stuffy, mkavu asiyechangamka, na wizarani hakuwa na marafiki wa kumtetea.

17 Oktoba 1940 kulikuwa na kikao wizarani kuhusu Bawa Kubwa. Leigh-Mallory alimleta Douglas Bader, kiongozi wa skwadroni, kwenye kikao cha majenerali. Park na Dowding wakajikuta wanajieleza. 25 Novemba Sholto Douglas akachukua kamandi. Desemba Park naye akaondolewa, na Kundi la 11 akapewa Leigh-Mallory. Mwenye macho haambiwi tazama.

Dowding akatumwa Marekani kwenye ujumbe wa ununuzi wa ndege, kazi ya maneno matamu ambayo hakuijua. Julai 1942 akastaafu. 1943 akapewa ulodi, Baron Dowding wa Bentley Priory. Alifariki 15 Februari 1970, majivu yake yako Westminster Abbey.

#21 Msomaji Kimya

Nimesoma mwanzo mwisho. Kuna uhusiano wowote na huku kwetu, au ni habari za Wazungu tu?

#22 Kipanga wa Pwani

Upo mmoja, tena mlango wa pili tu. Robert Brooke-Popham aliongoza ulinzi wa anga wa Uingereza 1933 hadi 1935, kabla haujagawanywa mwaka 1936 na Dowding kupata nusu ya ndege za kivita. Huyohuyo Brooke-Popham ndiye aliyekuwa Gavana wa Kenya 1937 hadi 1939, kisha akarudi jeshini na kupelekwa Mashariki ya Mbali.

#23 Mtoto wa Ngerengere

Na ile nyota ya tano uliyoahidi kwenye #3?

#24 Mwalimu wa Jioni

Acha nimjibie. Ilipopendekezwa apewe, jibu la wizara lilikuwa kwamba cheo hicho ni cha waliowahi kuwa wakuu wa jeshi zima la anga, na yeye hakuwahi. Hoja inaeleweka mpaka ufike 1 Januari 1946: siku hiyo Arthur Harris, aliyeongoza kamandi ya ndege za mabomu, na Sholto Douglas wote walipandishwa nyota tano, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kushika wadhifa huo.

Kijitabu cha wizara kuhusu vita vya 1940, kilichotoka 1941 na kuuzwa kwa wingi mno, hakikutaja jina la Dowding hata mara moja. Churchill alipokiona alikasirika. Ripoti ya Dowding mwenyewe aliiwasilisha Agosti 1941, ikakaa kabatini hadi ilipochapishwa kwenye gazeti la serikali Septemba 1946.

#25 Bi Nuru

Na humo ndani ya ripoti anaandika kwamba takwimu za ndege zilizotunguliwa hakuzitegemea sana. Mtu wa mizinga mpaka mwisho.